Peponi haikurudi nyumbani, ilifasiriwa

Ikitajwa Peponi, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, hazipiti dakika mbili mtu hajasema kwamba sasa Gurnah "amerudi nyumbani". Nimeyasikia hayo kwa walimu, kwa wauza vitabu, hata kwa watu ambao kitabu chenyewe hawajakifungua. Kauli ni tamu, na ina ushahidi wake. Ila kila nikiisikia najiuliza: mfasiri tumemweka wapi?

Kwa asiyefuatilia: Gurnah alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, akaondoka mwishoni mwa miaka ya 1960 kwenda Uingereza, na huko akaandika kwa Kiingereza. Paradise, riwaya ambayo Peponi imefasiriwa kutoka kwake, ilitoka 1994 na kuingia orodha fupi ya tuzo ya Booker. Mwaka 2021 akapewa Nobel, na Watanzania wakagombana kwa siku kadhaa kama ni wetu au si wetu. Mwaka uliofuata Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam wakatoa Peponi, kwa kalamu ya Ida Hadjivayanis, mhadhiri wa Kiswahili katika chuo cha SOAS, London. Huyu si mtu aliyeokota kazi njiani. Tasnifu yake ya uzamivu, ya mwaka 2011, ilihusu kaida za tafsiri za nathari Tanzania. Alikuwa ameshawachambua wafasiri wengine kabla hajaingia mwenyewe katika riwaya hii.

Tuwape kwanza haki yao wanaosema "amerudi". Wahakiki wameonyesha kwamba safari ya msafara wa tajiri Aziz kwenda bara inafuata kwa karibu masimulizi ya Waswahili wenyewe, hasa yale ya Selemani bin Mwenye Chande. Masimulizi hayo yalikusanywa na Mjerumani Carl Velten, yakachapishwa Göttingen mwaka 1901. Mwaka 1965 Lyndon Harries akayatoa baadhi yake pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Kwa hiyo kabla ya Gurnah kushika kalamu, hadithi ilikuwa imeshatoka mdomoni mwa Mswahili, ikapita Ujerumani na kuingia Kiingereza. Ukiitazama hivyo, Kiswahili ndicho kilichokopesha, na 2022 kimelipwa.

Ushahidi mwingine umo ndani ya maneno. Khalil, kijana wa dukani, humwita Yusuf, mtoto ambaye ndiye mhusika mkuu, "kifa urongo". Msomaji wa Kiingereza inabidi apewe maelezo, na anachopata ni kitu kama mfu aliye hai, jina zito la kutisha. Msomaji wa Unguja hahitaji kuelezwa. Anamjua yule mdudu: ukimgusa tu, amekufa, ukigeuka, keshakwenda zake. Mara moja anapata utani, na anapata pia dokezo kwamba huyu mtoto mkimya huenda hajafa ganzi kama anavyodhaniwa. Chukua na Chatu, mtawala wa Marungu anayewapora wafanyabiashara mali yao. Kwa Kiingereza hilo ni jina tu, lingeweza kuwa lolote. Kwa Kiswahili unaingia mjini kwake huku umeshajua kwamba kuna kumezwa.

Hapo kweli unahisi lugha inachukua kilicho chake. Ningekuwa na moyo mwepesi ningeishia hapa.

Upande wa pili unaanza na changarawe. Katika Paradise maneno ya Kiswahili yamo ndani ya Kiingereza kama changarawe katika wali. Msomaji anatafuna, ghafla jino linagonga kitu. Anakumbushwa kwamba watu hawa hawasemi Kiingereza, na kwamba anasikiliza mazungumzo yao kupitia ukuta. Ukuta huo ni sehemu ya kazi ya msanii, haukujengwa kwa bahati mbaya. Ukishafasiri kwa Kiswahili, wali unakuwa safi. Mfasiri anaachiwa tatizo jipya ambalo Gurnah hakuwa nalo: sasa wote wanasema lugha moja na msomaji, basi msomaji atataka kusikia tofauti zao. Khalil ni Mwarabu anayechanganya Kiarabu. Kalasinga ni fundi Singasinga. Wapagazi ni watu wa bara. Kwa Kiingereza inatosha kuambiwa kwamba fulani anasema vibaya. Kwa Kiswahili tuna masikio, tutakudai lafudhi.

Na kuna neno moja ambalo linanifanya nikatae kabisa hiyo "nyumbani". Neno washenzi. Watu wa pwani katika riwaya hii wanawaita hivyo watu wa bara bila hata kukunja uso. Msomaji wa London anapolikuta anajifunza kitu kuhusu ubaguzi wa watu wa mbali, karne iliyopita. Msomaji wa Kiswahili halikuti, linamkuta yeye. Ni tusi la leo, la kwenye daladala. Na kama amezaliwa Kigoma au Tabora, njia ya ule msafara inapita uani kwa babu yake, na anayetajwa pale si mtu wa kubuni.

Sasa tuseme kitabu kimerudi nyumbani. Nyumbani kwa nani? Kwa pwani, ndiyo. Lakini Kiswahili cha leo wengi wa wanaokisoma hawana asili ya pwani. Ni wajukuu wa wale waliobeba mizigo, na wa wale walioonekana kwa mbali, moshi wa vijiji vyao ukipanda, wakaitwa jina. Kwao Peponi inafika kama mgeni aliyeandika habari zao bila kuwauliza, na huo si ubaya, ndiyo faida yenyewe. Paradise haingeweza kuwafanyia hivyo kwa Kiingereza. Ni kazi mpya, na imefanywa na tafsiri.

Tena hatusemi hivi kwa tafsiri nyingine. Clement Ndulute alipotoa Shujaa Okonkwo, tafsiri ya Things Fall Apart ya Chinua Achebe, mwaka 1973, hakuna aliyesema Achebe karudi popote. Watu walijadili kazi: kwa nini jina la mhusika limepandishwa jaladani, mahali ambapo Achebe aliweka kauli ya mambo kusambaratika? Huo ndio mjadala mfasiri anaostahili. Ukisema kitabu kimerudi chenyewe, umesema pia kwamba aliyekileta alifungua mlango tu.

Gurnah mwenyewe ameutia mzaha wa kufasiri ndani ya hadithi. Kalasinga ana ndoto ya kuifasiri Kurani kwa Kiswahili. Kiarabu hajui, ataifasiri kutoka Kiingereza, na nia yake ni kuwaonyesha rafiki zake Waislamu ni Mungu wa namna gani wanayemwabudu. Wanamcheka, na nasi tunacheka, ingawa historia haikuwa mbali naye: tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili iliyotoka mwaka 1923 ilikuwa ya mmisionari, Godfrey Dale. Kila mfasiri ana kitu anachotaka, na hilo linahitaji kuulizwa.

Hofu moja naikubali, ya wenzangu wanaofundisha fasihi. Said Ahmed Mohamed alizaliwa Zanzibar mwaka mmoja kabla ya Gurnah, akabaki na Kiswahili, akatupa Utengano mwaka 1980. Adam Shafi naye. Wenzangu wanaogopa kwamba kitabu chenye muhuri wa Nobel kitawasukuma hawa nje ya rafu, na wanafunzi watajifunza kwamba njia ya kuheshimiwa kwa Kiswahili ni kwanza kuandika kwa Kiingereza. Hofu ina msingi, maana bajeti ya vitabu shuleni ni ileile. Lakini ukiiweka Peponi katika fungu lake, la fasihi tafsiri, haigombanii kiti na Utengano. Ukiipachika jina la riwaya ya Kiswahili iliyorejea, hapo ndipo ugomvi unapoanza.

Mimi ningeifundisha kidato cha sita pamoja na kurasa kadhaa za Selemani bin Mwenye Chande, ili wanafunzi wasome Kiswahili cha 1901 na cha 2022 vikisimulia njia moja. Kipindi kimoja ningekitoa kwa kifaurongo, na kingine kwa washenzi. Cha kwanza kitakwisha kwa vicheko. Cha pili, sidhani kengele itatukuta tumemaliza.