Naloksoni mkononi, hofu ya polisi moyoni

Mtu aliyezidisha heroini au fentanili kwa kawaida hafi kwa kishindo. Anakoroma, midomo inabadilika rangi, pumzi zinapungua hadi kukata. Ubongo hauvumilii kukosa hewa zaidi ya dakika chache, na ndani ya dakika hizo aliye karibu si daktari bali ni ndugu, jirani au mtumiaji mwenzake. Ndiyo sababu ya kutaka naloksoni, dawa inayozima mwilini nguvu za afyuni, yaani jamii ya heroini na fentanili, isifungiwe hospitalini.

Dawa yenyewe si ngeni. Marekani iliiidhinisha mwaka 1971, na mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani likashauri kwamba yeyote anayeweza kushuhudia tukio la namna hii aipate na afundishwe kuitumia. Mwaka 2023 Marekani iliruhusu ile ya kupuliza puani iuzwe bila cheti cha daktari. Hailevyi, na kwa asiye na afyuni mwilini haina athari ya maana.

Wapinzani wanasema inampa mtumiaji ujasiri wa kuongeza dozi. Wapo hata wachumi waliolitetea hilo kwa takwimu, kwa hiyo si maneno ya kijiweni. Mimi halijaniingia. Mraibu anayezinduliwa kwa naloksoni huamka na arosto: jasho, kutapika, mwili kuuma kote. Nani apange starehe yake akitegemea mwisho huo?

Hoja yao ya pili ina uzito zaidi. Naloksoni hufanya kazi kwa dakika 30 hadi 90 hivi, na baadhi ya afyuni hukaa mwilini muda mrefu kuliko hapo. Aliyezinduka anaweza kuzama tena akiwa peke yake. Mimi naona hiyo ni sababu ya kuita msaada mapema, wala si ya kumnyima mtu dawa.

Sasa nani atapiga simu, ikiwa unga bado uko mezani? Jimbo la New Mexico lilitangulia Marekani mwaka 2007 kwa sheria ya kumlinda anayeita msaada, na Kanada ikapitisha yake mwaka 2017. Ya Kanada inamkinga na shtaka la kukutwa na dawa kwa matumizi yake mwenyewe. Haimkingi mwenye hati ya kukamatwa kwa kosa jingine, wala muuzaji. Waendesha mashtaka wana haki kuogopa kwamba kinga pana itawaficha wauzaji. Ila mitaani mstari huo haujanyooka: waliochangishana pesa, mmoja akaenda kununua, yupi ni muuzaji? Katika baadhi ya majimbo ya Marekani, huyo aliyetumwa anaweza kushtakiwa kwa kifo cha mwenzake. Akilijua hilo, atakimbia.

Ningeanzia kwenye hati za makosa madogo: zisitekelezwe pale mgonjwa anapohudumiwa. Na simu ya aina hii wapelekewe wahudumu wa afya, polisi waitwe tu palipo na vurugu.