Mfumo Umesema Kanuni Imevunjwa: Tuuamini?

Mkaguzi wa hesabu kwa kawaida huchomoa mafaili machache, akayapitia, kisha akatoa maoni juu ya maelfu ambayo hakuyagusa. Ukaguzi wa kumbukumbu za matukio, unaofanywa na programu ya kompyuta, hauchagui. Kila hatua iliyorekodiwa na mfumo, pamoja na namba ya faili, jina la kazi na muda wake, hulinganishwa na kanuni. Je, idhini ilitangulia malipo? Aliyeandaa hati ndiye aliyeipitisha? Jibu hutolewa kwa miamala yote.

Faida hiyo si ndogo. Sheria ya Sarbanes-Oxley ya Marekani, ya mwaka 2002, inawataka wakuu wa kampuni zilizo kwenye soko la hisa waeleze kama udhibiti wao wa ndani wa taarifa za fedha unafanya kazi. Anayetia saini maelezo kama hayo ana kila sababu ya kutaka kuona zaidi ya sampuli.

Sasa ichukue ankara moja. Idhini: 00:00:00. Malipo: 09:14:32, siku hiyohiyo. Programu inaipitisha. Kumbe sehemu ya idhini huhifadhi tarehe tu, na saa imejazwa sifuri. Meneja angeweza kusaini jioni, fedha zilishatoka asubuhi, na bado ankara ikaonekana safi. Sifuri hizo zikihamia upande wa malipo, karani asiye na kosa anakuwa mtuhumiwa. Mwaka 2016 IEEE, taasisi ya kimataifa ya wahandisi, ilichapisha kiwango cha XES cha kubadilishana kumbukumbu hizi, lakini kinapanga umbo lake. Ukweli wa kilichomo ni kazi ya aliyeingiza.

Na kanuni ya watu wawili, kwamba aliyeandaa hati asiwe ndiye anayeipitisha? Mfumo huona akaunti mbili, hata kama mtu mmoja anazitumia zote. Nywila iliyobandikwa pembeni ya kioo cha kompyuta haiuhusu.

Hata hivyo ningeutumia ukaguzi huu, kwa sharti kwamba kila alama nyekundu, yaani onyo kwamba kanuni imevunjwa, iwe swali kwa wahusika kabla ya kufika kwenye meza ya nidhamu. Alama ya jumla, yaani namba moja inayoonyesha kazi imefuata kanuni kwa kiasi gani, ndiyo ninayoitilia shaka zaidi. Njia ya ulinganishaji inayoitoa huhesabu hatua zilizorukwa na zilizoongezwa. Zote zikipewa uzito mmoja, kuruka idhini ya malipo kunalingana na kusahau kumtumia mteja taarifa. Uzito huo hupangwa na mtu, na ripoti nyingi hazisemi ni nani aliyeupanga.