Mtungi wa gesi na lifti ya 1873

Jana nimepanda ngazi na mtungi wa gesi begani. Nakaa ghorofa ya saba. Lifti ya jengo letu ina karatasi mlangoni, "Lifti ipo kwenye matengenezo", na karatasi hiyo ilipochakaa waliibadilisha wakabandika mpya. Basi kinachotengenezwa ni karatasi.

Ghorofa ya tatu magoti yakagoma, nikautua mtungi, nikaukalia. Simu ikalia. Shemeji yangu aliyeko Geneva katuma picha, kasimama kando ya ziwa mbele ya jumba la fahari. "Shem, hii ndiyo hoteli ya Beau-Rivage. Ilifunguliwa 1865, na kufika 1873 walishaweka lifti."

Mtu anamtumia mwenzake ujumbe kama huo saa saba mchana! Fundi wetu kila akija anasema tatizo ni umeme. Mwaka 1873 lifti ya umeme ilikuwa haijabuniwa, ya kwanza Siemens aliionyesha 1880. Wale walipandisha matajiri na masanduku yao bila umeme. Sisi tunao, na ndoo tunapandisha kwa kichwa.

Ujumbe wa Mama Salma ukaingia. Nikaupuuza, maana shemeji akipata bando hasimami. Mwaka huohuo wa lifti alifia humo hotelini Charles wa Pili, mtawala wa Brunswick aliyefukuzwa kwao Ujerumani. Utajiri wake akauachia mji wa Geneva kwa sharti ajengewe kaburi la kifalme. Wakamjengea, lipo hadi leo jirani na hoteli. Mwenye nyumba wetu ukimsimulia habari hiyo, atauliza kwanza kama marehemu alilipa kodi ya mwezi ule.

Halafu akanieleza ya Elisabeth, mke wa Kaizari wa Austria. Septemba 1898 alifikia hapo kwa jina jingine ili apumzike na macho ya watu, gazeti likamtaja. Tarehe 10 akatoka kwenda kupanda meli, Mwitaliano Luigi Lucheni akamchoma kifuani kwa tupa iliyonolewa. Vazi la ndani lilivyombana, hakujua kama amejeruhiwa! Akainuka, akatembea mpaka melini, ndipo akaanguka. Wakamrudisha hotelini kwa machela ya makasia, akafia huko. Hapo nilinyamaza kidogo, nikaona aibu kulalamikia magoti.

Aibu yenyewe haikudumu.

"Baba Salma, umekata roho?" Ni mama wa ghorofa ya tano, katibu wetu wa wapangaji, na mfuko wa viazi.

"Bado, shikamoo."

"Marahaba. Jumapili kuna kikao cha lifti, usikose."

Kikao! Shemeji anasema Oktoba 1918 wajumbe wa Czech walikutana humo Beau-Rivage kupanga nchi yao mpya. Kikao hakijaisha, Czechoslovakia ikatangazwa. Nchi ile imezaliwa, imekua, imegawanyika 1993 kwa amani kabisa. Sisi tunajadili nani alipe zaidi, wa juu au wa chini, na wa chini hawaji kikaoni kwa sababu lifti haiwahusu.

Nikajitwika mtungi. Nimefika juu nahema kama mbuzi wa sikukuu, mke wangu kasimama mlangoni na sufuria.

"Ujumbe wangu hukuusoma?"

Nikaufungua palepale. "Ukiwa bado huko chini, chukua na kiberiti."