Mgeni njoo, mwenyeji apone

Siku niliyopokelewa kwenye chumba cha peke yangu hospitalini kule Chennai, India, simu iliita kabla sijavua viatu. Alikuwa mtani wangu, mama wa Kichagga tunayepakana naye ukuta Dar es Salaam kwa miaka kumi na tisa. Hakunisalimia. Alisema, "Huo ugonjwa umekosea nyumba. Umeingia kwa Mpare! Utaburutwa mahakamani mpaka uuze ng'ombe wake wote." Nilicheka mpaka nesi akafungua mlango kuangalia kulikoni.

Kwa asiyetujua, Wapare na Wachagga ni watani tangu enzi za mababu. Wao wanasema sisi tunapenda kesi, sisi tunasema wao wanapenda hela. Mtani ana ruhusa ambayo hata ndugu wa damu hana. Msibani anaweza kuzuia jeneza lisitoke mpaka apewe chochote, na wafiwa wakajikuta wanatabasamu huku machozi hayajakauka. Ni kazi ile. Mtu anaifanya kwa niaba ya wenzake ambao siku hiyo hawana nguvu ya kuifanya.

Nimeamua kuandika kwa sababu ya namna tunavyoingia kwa wagonjwa wa saratani. Tunaingia kwa kunyata. Tunasema "pole" kwa sauti ya matanga. Daktari aliponiambia nina lukemia kali, yaani saratani ya damu inayokwenda mbio, watu wengi walioniheshimu waliacha kunitania siku hiyohiyo. Waliacha kwa upendo, najua. Lakini mimi nililala kitandani nikihesabu nani bado ananitania na nani ameacha, na kila aliyeacha nilimsikia kama mtu aliyekwisha kuanza kunizika.

Nilitibiwa kwa dawa kali za saratani kwa miezi kadhaa, ugonjwa ukatulia, lakini madaktari wakasema utarudi nisipopandikizwa uloto, ule ute ulio ndani ya mifupa unaotengeneza damu. Tuko sita kwa baba mmoja na mama mmoja. Wenzangu watano wote walipimwa. Mtoto huchukua nusu ya alama za kinga kwa baba na nusu kwa mama, kwa hiyo kila ndugu ana nafasi moja kati ya nne ya kufanana nami kabisa. Aliyefanana alikuwa mmoja tu, kitinda mimba wetu, ambaye nilimbeba mgongoni nikiwa na miaka kumi na moja, nikienda naye hadi kisimani kule Same. Majibu yalipotoka alinipigia simu akasema, "Dada, zile kilomita ulizonibeba, sasa nazilipa kwa riba."

Watu wa nyumbani walikusanyika kuomba siku ya "operesheni". Neno kupandikiza linatisha. Linaleta picha ya kisu. Hakuna kisu kilichonigusa. Mdogo wangu alichomwa sindano kwa siku kadhaa za kuzisukuma chembe mama za damu, zile za uloto zinazozaa nyingine zote, zitoke mifupani ziingie kwenye mzunguko, mifupa ikamuuma kama mtu aliyelima shamba zima peke yake, kisha akaunganishwa na mtambo uliochuja damu yake kwa saa nne na zaidi na kumrudishia iliyobaki. Mimi huku nilikuwa nimeshapewa dawa za kuufyeka uloto wangu wote, mzima na mbovu. Halafu ukaja mfuko mdogo wenye rangi ya supu ya nyanya, ukatundikwa kama dripu yoyote. Haukumaliza saa moja. Hizo chembe hakuna anayezionyesha njia: zinasafiri na damu na kuingia mifupani zenyewe, kama mtu anayejua mji.

Mama yetu alikuwa kwenye simu ya video. Alipouona mfuko unaisha alisema kwa utaratibu, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Nimeusikia msemo huo maisha yangu yote, mara nyingi kwa sababu ya kuku aliyechinjwa. Siku ile nilikuwa mwenyeji hasa, na nilikuwa nangoja kupona.

Sitasema uongo kuhusu wiki mbili zilizofuata. Kinywa kilichubuka mpaka kooni, mate yangu mwenyewe sikuweza kuyameza, nikawekwa kwenye mofini, dawa kali ya maumivu. Chembe nyeupe za damu, ambazo kwa mtu mzima huwa kati ya 4,000 na 11,000 hivi katika tone dogo wanalopima, zilishuka mpaka chini ya 100. Kicheko kiliniumiza. Kufungua midomo kuliniumiza. Na hapa ndipo nilipomjua mtani wangu ni mtu wa namna gani. Mume wangu alipomweleza hali, aliacha mzaha mara moja. Badala yake akawa ananitumia ujumbe wa sauti kila alfajiri, na ndani yake hakuna neno hata moja. Aliiweka simu jikoni kwake akaniachia niisikilize asubuhi ya mtaani kwetu: fagio uani, jogoo wake mwenye sauti mbaya, muuza maziwa akigonga geti, sufuria likifunikwa. Dakika tatu, nne. Nilikuwa nazicheza tena na tena usiku, homa ikiwa juu, na niliweza kusinzia.

Kwa hiyo ninaposema mgonjwa asinyimwe kicheko, sisemi kila mtu aingie wodini na vichekesho. Utani una wenyewe. Kuna mgeni mmoja, hatuna undani wowote, aliniambia kwa kucheka kwamba nimepunguza gharama za saluni. Nilikuwa nimepoteza nywele siku tatu kabla, zilikuwa bado ziko kwenye mto. Lile neno lilinichoma na mpaka leo nikilikumbuka nahisi baridi. Mtani wangu angesema hilohilo na mimi ningemjibu kwa kumtajia wigi lake la Kariakoo. Tofauti ni miaka kumi na tisa ya ukuta mmoja.

Kila asubuhi nesi aliandika hesabu ya damu kwenye ubao mdogo ukutani. Manesi wa Chennai waliniita "akka", dada mkubwa kwa Kitamil, na walikuwa wakiandika ile namba kwa uangalifu kama mwalimu anayeandika tarehe. Siku ya kumi hakuna kitu. Ya kumi na mbili, hakuna. Midomo ilikuwa imeanza kupona kidogo, na mtani akapata habari kwamba naweza kuzungumza. Akapiga. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu wa kwenu yuko siku ya kumi na tatu anakula bure! Mgeni gani huyo? Mwambie mdogo wako alete mwingine." Mdogo wangu alikuwa amekaa upande wa pili wa kioo, akamjibu kwamba wageni wa Kipare hawakimbilii jembe kabla hawajasoma mkataba.

Siku ya kumi na sita ubao uliandikwa 520. Madaktari wanataka chembe nyeupe za ulinzi zifike 500 kwa siku tatu mfululizo ndipo wakubali kwamba uloto mpya umeshika. Zilifika, zikapita. Mume wangu alituma ujumbe wa maneno mawili kwenye kundi la ukoo: "Ameshika jembe." Nyumbani walielewa wote. Nimeambiwa shangazi yangu alipiga vigelegele peke yake sokoni Mwanga, watu wakadhani kuna harusi.

Shukrani ni jambo zito zaidi kuliko tunavyolisema. Wengi waliniambia, "Mshukuru Mungu," hata nilipokuwa nalia kwa maumivu, na nilihisi wananifunga mdomo. Nilimshukuru Mungu na nililia, vyote kwa wakati mmoja, na sioni kwa nini kimoja kimfukuze mwenzake. Lakini kulipoanza kuwa na nafasi kichwani nilitaka kujua ninamshukuru nani hasa, kwa jina au kwa kazi. Wa kwanza ni mdogo wangu. Halafu kuna daftari la mchango. Shemeji yangu aliliandika kwa mkono, majina 214, na kati yake yuko mama muuza maandazi wa pale kona aliyetoa shilingi 2,000. Niliwaandikia wote. Ilinichukua miezi miwili, ujumbe mmoja mmoja, na sikunakili.

Wengine siwezi kuwaandikia. Wakati uloto haufanyi kazi unaishi kwa damu ya watu. Chembe sahani, zile zinazozuia damu isivuje, haziwezi kuhifadhiwa kwa wiki nyingi kama damu nyekundu. Hukaa siku tano hivi, katika joto la kawaida la chumba, zikitikiswa muda wote. Niliwekewa mara tisa. Maana yake, mara tisa kuna mtu katika mji ule, ambaye hajawahi kusikia habari za Upareni, aliyekuwa amekaa kwenye kiti na kunyoosha mkono wiki hiyohiyo. Nilikuwa nikitazama mfuko wa rangi ya manjano ukining'inia na kujiuliza jana alikula nini.

Wapo pia waliokufa. Mwaka 1957 daktari wa Marekani, E. Donnall Thomas, alichapisha habari za wagonjwa wake sita wa kwanza waliowekewa uloto wa watu wengine. Hakuna hata mmoja aliyefikisha siku mia. Aliendelea, wengine wakaendelea kukubali kujaribiwa, na mwaka 1990 alipewa Tuzo ya Nobel. Siku yangu ya mia, tukiwa bado tumepanga chumba karibu na hospitali, kipimajoto mezani na sheria ya kukimbilia kwa daktari joto likifika 38, nilimwomba mume wangu tuwaombee wale sita. Alishangaa kidogo, kisha akavua kofia.

Kurudi nyumbani hakukuwa kurudi kwenye maisha yaleyale. Kachumbari marufuku. Juisi ya miwa ya barabarani marufuku, balungi marufuku kwa sababu linagombana na dawa ya siklosporini, udongo marufuku kwa sababu ya ukungu. Harusi na misiba nilihudhuria kwa simu. Jirani walinisalimia kutoka getini, nami nikiwa barazani na barakoa, na kwetu sisi tusioweza kusalimiana bila kushikana mikono ilikuwa adhabu. Hiyo siklosporini, dawa ya kuzuia chembe za mgeni zisimgeukie mwenyeji na kumshambulia ngozi, utumbo au ini niliimeza saa ileile asubuhi na jioni kwa miezi. Hilo la mgeni kumgeukia mwenyeji ni hatari ya kweli. Niliipata kidogo, kwa ngozi, ikadhibitiwa.

Halafu zikaja chanjo. Uloto ukiondolewa, kinga uliyopata utotoni huenda nayo, hivyo unaanza upya: pepopunda, donda koo, kifaduro, polio, na ya surua inangojwa mpaka miaka miwili ipite. Nilipomweleza mtani, alikaa kimya kidogo, kisha akauliza, "Kadi ya kliniki iko wapi? Na kwenye ule mzani wa kuning'inia watakutundika na nini?" Wiki iliyofuata alikuja getini na kadi ya kweli ya mtoto, ameniandikia uzito, tarehe ya kuzaliwa ni siku ya kupandikizwa, na mbele ya jina la mama ameandika jina la mdogo wangu.

Damu yangu ilikuwa kundi A. Ya mdogo wangu ni O, na baada ya miezi kadhaa yangu nayo ikawa O. Suala hilo lilifikishwa kwenye kikao cha ukoo, mtani akiwa mwendesha mashtaka: mume wangu alitoa mahari kwa mwanamke wa kundi A, sasa nani amdai nani? Wazee walijadili kwa saa nzima wakifuta machozi ya kicheko. Mama yangu, ambaye alikuwa hajacheka hivyo tangu nilipougua, ilibidi apewe maji.

Lakini hiyo damu ya O siruhusiwi kumpa mtu. Aliyepata saratani ya damu hachangii tena. Ndiyo sababu nalisema hapa waziwazi: mwanamume mwenye afya anaweza kuchangia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya minne, na benki za damu zetu zinahitaji watu wasiongoja ndugu yao alazwe. Tena siku hizi si lazima kila mtu apande ndege. Muhimbili ilianza kupandikiza uloto mwaka 2021, kwa kutumia chembe za mgonjwa mwenyewe, na Hospitali ya Benjamin Mkapa kule Dodoma ikafuata mwaka 2023 kwa watoto wenye selimundu, wanaopewa uloto wa ndugu zao. Kila mmoja wa watoto hao anapita katika siku za ubao usiopanda namba, na anaishi kwa mikono ya watu wa Dodoma.

Mwaka ulipotimia nilipika makande, sufuria kubwa. Mdogo wangu alikuja kutoka kazini na plasta mkononi, alipitia kuchangia damu njiani kama anavyofanya sasa kila akiruhusiwa. Mtani alifika wa mwisho. Safari hii aliingia mpaka ndani, akanishika mikono yote miwili na hakuniachia kwa muda mrefu. Kisha akatoka nje, akarudi na jembe jipya lenye kipini cheupe, akaliweka miguuni pa mdogo wangu.

"Siku ya tatu," alisema.

Daktari alikuwa amenikubalia kugusa udongo, kwa glovu. Mdogo wangu alilima tuta moja nyuma ya jiko, mimi nikasia mchicha.