Serikali ya viti 70 kati ya 71

Kila ikikaribia Desemba 9 hatukosi wa kutukumbusha ile hesabu: Waingereza walipoondoka Tanganyika walituachia madaktari 12 na wahandisi 2. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa akiitaja, hata uzeeni, alipokwenda kuzungumza na wakubwa wa Benki ya Dunia kule Washington. Hesabu ina uzito wake na sibishani nayo. Ninachobishia ni kuigeuza jibu la kila swali linalohusu serikali yetu ya kwanza. Uliza kwa nini ilikaribia kuanguka askari walipoasi Januari 1964, hata miaka mitatu haijatimia tangu uhuru, utaambiwa tulikuwa maskini na wasomi walikuwa wachache. Kwa maoni yangu tatizo kubwa zaidi lilikuwa kwamba serikali ile haikuwa na mtu wa kuiambia jambo chungu ikamsikiliza.

Uchaguzi wa Agosti 1960 ulikuwa na viti 71. TANU, chama cha Mwalimu, ilichukua 70, na 58 katika hivyo ilivipata bila kupingwa. Hata yule mmoja aliyeshinda kama mgombea binafsi kule Mbulu alikuwa mwana-TANU aliyegombana na uteuzi wa chama chake. Novemba 1962, kwenye uchaguzi wa rais, Zuberi Mtemvu alithubutu kusimama dhidi ya Mwalimu, na Mwalimu akapata zaidi ya asilimia 98 ya kura. Sidai kwamba kura ziliibwa. Watu waliipenda TANU kwa dhati, na walikuwa na sababu. Ila Bunge likishakuwa la familia moja, waziri akikosea atapigiwa makofi na wakwe na mashemeji, na atarudi ofisini akiamini kazi inakwenda vizuri.

Nje ya Bunge walikuwapo watu wenye ubavu wa kubisha, nao ni vyama vya wafanyakazi. Shirikisho lao, TFL, lilikuwa bega kwa bega na TANU wakati wa kudai uhuru. Bendera ilipokwisha kupandishwa likaendelea kudai yale yale: mishahara, Waafrika wapewe vyeo haraka, na chama cha siasa kisiwaamulie wafanyakazi mambo yao. Jibu la serikali lilikuja kwa sheria. Mwaka 1962 Bunge lilipitisha sheria ya migogoro ya kazi iliyoufanya mgomo halali uwe karibu hauwezekani, na mwaka huo huo ikaja sheria ya kuweka watu kizuizini bila kuwafikisha mahakamani. Kasanga Tumbo, mtu wa chama cha reli, alipewa ubalozi London, ambao haukumkalia vizuri. Aliuacha akarudi kuanzisha chama cha upinzani. Victor Mkello, rais wa TFL, alipelekwa Sumbawanga mwanzoni mwa 1963, na hakupelekwa huko kutalii. Sumbawanga ya siku hizo ukishafika, hata barua yako ilisahau njia ya kurudi Dar es Salaam.

Niseme pia ninapomuunga mkono Mwalimu, maana siku hizi ukiikosoa serikali ile unadhaniwa unamchukia mtu. Oktoba 1961, kwenye mjadala wa uraia, wabunge wa chama chake mwenyewe walitaka uraia ufuate rangi ya ngozi, naye akasema yuko tayari kujiuzulu kuliko kukubali. Ninavyoona, hapo ndipo alipong'ara kuliko siku nyingine yoyote ya miaka ile. Tena Januari 1962, wiki sita tu baada ya uhuru, aliuachia uwaziri mkuu Rashidi Kawawa akaenda kukijenga chama mikoani. Wakubwa wanaoachia kiti kwa hiari hawajai kiganja.

Tatizo ni kwamba msimamo mzuri nao unahitaji kufikishwa kwa wanaouona kama kisu. Januari 7, 1964 Mwalimu alitangaza kwamba upendeleo wa Waafrika katika ajira za serikali umekwisha. Raia wote wangetazamwa sawa. Kwa kanuni alikuwa sahihi. Sasa mfikirie askari wa kambi ya Colito, nje kidogo ya mji wa Dar es Salaam. Jeshi lake liliitwa King's African Rifles, likageuka Tanganyika Rifles, na mkuu wake akabaki Mwingereza, Brigedia Patrick Sholto Douglas, pamoja na maofisa wengi wa huko huko. Askari yule amemwona katibu wa TANU wa wilaya akiingia kwenye nafasi ya bwana shauri wa kikoloni, gari na nyumba juu. Yeye mshahara wake ni shilingi 105 kwa mwezi na anampigia saluti kapteni yule yule. Wa kumpelekea malalamiko ni nani? Kapteni.

Usiku wa kuamkia Januari 20 wakatoka. Mapinduzi ya Zanzibar yalikuwa na siku nane tu, na askari polisi wapatao 300 walikuwa wametoka Dar es Salaam kwenda visiwani kusaidia kutuliza hali. Waasi wakawakamata maofisa wao, wakaingia mjini, wakashika sehemu muhimu. Rais na Kawawa wakavushwa kwenda kujificha Kigamboni, na Oscar Kambona, waziri wa ulinzi na mambo ya nje, akabaki kuzungumza na wenye bunduki. Walichodai ni mishahara iongezwe hadi shilingi 260 na Waingereza waondoke jeshini. Rudi uyasome madai ya TFL hapo juu. Ni yale yale, safari hii yakiwa na risasi. Serikali ilikuwa imeufunga mlango wa mfanyakazi asiye na silaha, malalamiko yakaja kupitia kwa mwenye silaha.

Kilichofuata kinajulikana. Tabora nako wakaasi, Uganda na Kenya zikapata maasi yao wiki hiyo hiyo, na Januari 25 makomando wa Uingereza waliotoka kwenye manowari Centaur walishuka Colito kwa helikopta na kuyamaliza kwa muda mfupi. Mwalimu aliona aibu kuwaita, wala hakuificha. Februari aliwaita mawaziri wa nchi za Afrika Dar es Salaam kulieleza jambo hilo, na baadaye jeshi la Nigeria likaja kushika zamu.

Mimi nakaa zaidi kwenye dawa iliyotumika. Jeshi lilivunjwa, na Septemba 1, 1964 ikaundwa JWTZ, Jeshi la Wananchi, ambayo vijana wake wengi wa kwanza walitoka katika TANU. Kwa kuzuia mapinduzi ilifaa, na tukitazama yaliyowakuta majirani hatuna budi kukiri hivyo. Lakini viongozi wa vyama vya wafanyakazi nao walikamatwa, wengi wao bila kushtakiwa. Tumbo naye akaishia kizuizini. TFL ikafutwa kwa sheria, ikaundwa NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi wote, ambacho katibu mkuu wake aliteuliwa na Rais. Wa kwanza alikuwa Michael Kamaliza, waziri wa kazi. Mfanyakazi mwenye ugomvi na wizara ya kazi alipaswa kumwendea waziri wa kazi amtetee.

Na Januari 28, siku tatu baada ya makomando kushuka, iliundwa tume ya kushughulikia mfumo wa chama kimoja, chini ya uenyekiti wa Kawawa. Haikuulizwa kama wananchi wanautaka mfumo huo. Suala hilo lilihesabiwa kuwa limekwisha kuamuliwa, na tume ikatumwa kuzunguka nchi kuuliza uwe wa namna gani.