Lithiamu haifungwi kama betri ya maji

Juzi saa mbili usiku shemeji kanipigia simu yuko Tongoni, moshi unatoka kwenye boneti ya Noah, kaogopa kazima gari. Nyuma friji limejaa kamba wa Mkwaja, linatumia betri ya pili, ya lithiamu. Tumefika na fundi tukakuta alternata, ile inayochaji betri injini ikiwaka, imeungua waya za ndani, ile harufu ukiinusa tu unajua hapa hakuna cha kufufua. Neno la kwanza la fundi: si niliwaambia hizi lithiamu mbovu.

Hapana jamani. Kamba walifika Tanga salama, friji halikuzima hata dakika moja, na hiyo betri anayoiita mbovu ndo ilikuwa inaliendesha. Kilichokosewa ni ufungaji: waya mnene kutoka betri ya mbele mpaka ya nyuma, katikati rilei (swichi inayojiunga yenyewe gari likiwaka), basi.

Betri ya maji inavyokaribia kujaa inapokea kidogo kidogo, alternata inapumua. Lithiamu haina huo ustaarabu, ukinzani wake wa ndani ni mdogo sana, ikiwa imeshuka inavuta ampia 50, 60, na haipunguzi mpaka iwe karibu kujaa. Sasa mtu katoka Mkwaja, kafika Bweni anasubiri kivuko cha Mto Pangani, injini kaiacha inanguruma kwa sababu hataki friji limalize betri, alternata inazunguka polepole, kifeni chake hakipulizi upepo wa maana, na bado inakamuliwa vile kwenye joto la pwani. Itaachaje kuungua? Haikutengenezwa itoe nguvu zake zote muda mrefu gari likiwa limesimama.

Dawa ipo, ni chaja ya DC kwa DC, inakaa katikati ya betri mbili. Unachukua ya ampia 20 au 30, yenyewe ndo inayoweka kikomo cha umeme unaovutwa, na inatoa volti kama 14.4 ambazo lithiamu inazitaka. Bei yake inauma, najua. Na wapo waliounga moja kwa moja mwaka wa pili huu hawajaona shida, haya, nakubali, lakini mwenzenu kalipa alternata na kakesha barabarani na mzigo wa watu.

Zile rilei za kupima volti, zinazounga betri mbili zikiona volti zimepanda, nazo zinadanganyika, lithiamu iliyojaa hukaa kama volti 13.3 hata injini ikiwa imezimwa, rilei inadhani gari linawaka, haiachii. Fyuzi weka pande zote mbili, karibu na betri. Na betri ya lithiamu msiipachike chini ya boneti, joto la pale linaiua.

Shemeji keshafunga ya ampia 20. Siku tunafunga, yule fundi alikuja mwenyewe na daftari, kachora njia za waya zote, kauliza je betri ya nyuma ikiwa ya maji hii chaja inafaa? Nikamwambia hii inafaa, unabadilisha tu mpangilio wa chaji. Kumbe ana Land Cruiser ya mteja inaingia gereji Jumatatu, na ya nyuma ni lithiamu.