Televisheni ndogo na leseni ya mguu mmoja nje

Huko Marekani kuna watu wanaomiliki kituo cha televisheni, wanapanda mnara wenyewe kufunga antena, na jioni wanatafuta wadhamini. Mimi nawaheshimu sana. Tena naona hawakuumizwa na udogo wa transmita zao, waliumizwa na daraja waliloandikiwa kwenye leseni.

Tume ya mawasiliano ya nchi hiyo, FCC, iliruhusu televisheni za nguvu ndogo mwaka 1982. Kituo kilichotangulia kilikuwa K26AC cha John Boler, Bemidji, mji mdogo wa Minnesota. Sharti lilikuwa gumu tangu mwanzo: usiingilie mawimbi ya kituo kikubwa, na ukiingiliwa wewe, vumilia. Mkubwa akiitaka chaneli yako, unafungasha virago. Kiufundi hawana shida kubwa. Leo kwenye UHF, yaani masafa ya juu ya televisheni, mdogo anaishia kilowati 15, mkubwa anafika 1,000, lakini antena ikielekezwa vizuri kutoka mlimani mji mzima unapata picha safi.

Tazama kilichotokea kwenye ving'amuzi. Juni 2009 vituo vikubwa vilizima analojia, vidogo vikaachwa viendelee nayo. Serikali ikawapa wananchi kuponi za dola 40 za kununulia king'amuzi. Ubaya ni kwamba vingi havikupitisha mawimbi ya analojia: waya wa antena ukishaingia kwenye king'amuzi, chaneli ndogo haifiki tena kwenye runinga. Watazamaji wengi hawakujua, wakadhani kituo kimekufa. Chama cha vituo vidogo, Community Broadcasters Association, kilikuwa kimekwenda mahakamani mwaka 2008 kutaka ving'amuzi hivyo visiuzwe, kikagonga mwamba. Mwaka 2009 chama chenyewe kikafunga milango. Kwangu mimi huo ni ukatili wa kiofisi: hakuna aliyewafungia, wamechomolewa tu kwenye runinga za watu.

Mnada wa masafa ulioisha 2017, ambapo vituo viliuza masafa yao na kampuni za simu zikayanunua, ulivuna dola bilioni 19.8, na chaneli 38 hadi 51 zikaondolewa kwenye televisheni. Wadogo wa kawaida, wasio na daraja lenye ulinzi nitakalolitaja, hawakuruhusiwa kuuza chochote katika mnada huo. Fedha za kuwafidia gharama za kuhama Bunge lilizikumbuka 2018, baada ya nyundo kugongwa.

Kuna wanaosema wengi wa hawa ni walanguzi wanaokalia leseni wakisubiri bei. Wapo, sibishi. Ila kipimo cha kuwachuja kipo tangu sheria ya 1999 iliyoleta daraja la Class A: uwe hewani saa 18 kwa siku, na walau saa tatu kwa wiki ziwe vipindi vilivyotengenezwa hapohapo. Mlanguzi hawezi kuhangaika na mechi za sekondari na vikao vya halmashauri kila wiki. Aliyepewa daraja hilo analindwa masafa yake.

Sheria ya Januari 2023 ilifungua tena dirisha la kuomba daraja hilo, lakini kwa masoko yasiyozidi nyumba 95,000 zenye televisheni. Hapo ndipo sikubaliani nayo. Kituo kidogo cha Houston kinachorusha habari za mtaa kwa Kivietinamu kiliachwa nje kwa sababu tu kimejengwa kwenye jiji kubwa, na majiji makubwa ndiko masafa yanakogombaniwa zaidi. Wapimwe kwa vipindi wanavyotengeneza, popote walipo.